Uliza Ujibiwe: Mlokole ni nani hasa?

Toleo lililopita nilimjibu msomaji aliyechumbiwa na kijana "mlokole" na mama yake hataki kusikia, nikaongelea mambo ya ndoa nikaliacha neno lenyewe kama lilivyo. Basi simu haijapumzika tangu siku hiyo. Maswali ni mengi na mengine yanafanana, nimechukua haya matano, na la kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu ukishalielewa hilo haya mengine yanakuwa mepesi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27, nafanya kazi kwenye ofisi ya uhasibu hapa Morogoro. Nimezaliwa KKKT, nimebatizwa na kupata kipaimara hukohuko. Mwaka juzi niliamua kumpa Yesu maisha yangu, nikaacha pombe na mambo mengine ambayo sitaki kuyaandika hapa. Kazini wameanza kuniita mlokole. Wenzangu ni utani tu, ila bosi akilisema unasikia kabisa kuna dharau, "huyo mlokole muacheni, hawezi kwenda na wateja". Je hili neno ni tusi? Limetoka wapi? Na mimi Mlutheri naweza kuwa mlokole wakati najua walokole ni wale wa makanisa ya kiroho?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tusi sio, ila linaweza kusemwa kwa sauti ya tusi, na wewe umeshasikia tofauti ya wenzako na bosi kwahiyo sina haja ya kukufundisha hilo.

Neno lenyewe limetoka Uganda, ni Kiganda. Kwao kuokoka ni okulokoka, mtu aliyeokoka ni omulokole, wakiwa wengi ni abalokole, na Mwokozi ni Omulokozi (ndio maana Kagera unakutana na watu kibao wanaitwa Mulokozi). Ukiziweka jirani lokoka ya kwao na okoka ya kwetu unaona ni ndugu kabisa. Kwahiyo mlokole ni mtu aliyeokoka, basi, humo ndani hakuna jina la kanisa wala jina la mwanzilishi wala la mji, na hapo ndo pa kushika manake maswali yote ya leo yanatokana na watu kudhani ni jina la dhehebu.

Historia yake inapendeza. Mwaka 1929 pale kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda mmoja anaitwa Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, yule daktari akiwa amechoka kabisa mwili na roho. Wakakaa wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na kila mmoja akaondoka pale mtu mwingine. Daktari akarudi Gahini, na mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akawa mwalimu wa wainjilisti hukohuko Gahini, na miaka ya mwanzo ya 1930 mambo yakawaka. Watu wanalia, wanataja dhambi zao hadharani kwa majina, wanarudisha walivyoiba, wanaenda kuomba msamaha kwa majirani waliokuwa hawasalimiani. Wito wao ulikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka. Kigozi mwenyewe alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini moto ulishatoka Rwanda ukaingia Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika, Burundi pia.

Sasa jua kwamba hawa watu walikuwa Waanglikana na hawakuondoka kwenye kanisa lao. Hili watu wengi hawalijui. Walikuwa wanakaa humohumo kanisani na kuwaambia hata wachungaji wao kwamba wamelala, na unaweza kufikiria wachungaji walivyopenda! Mwaka 1941 pale chuo cha theolojia cha Mukono wanafunzi 26 walifukuzwa kwa sababu ya kushikilia mikutano yao ya maombi ya alfajiri na mahubiri yao, William Nagenda akiwa mmojawao, na bado hata baada ya kufukuzwa Nagenda hakwenda kuanzisha kanisa lake, aliendelea kuhubiri akiwa Mwanglikana. Watu wa nje ndo wakawaita abalokole kwa kejeli, yaani eti wao ndo waliookoka na sisi je. Wenyewe walikuwa wanaitana ab'oluganda, maana yake ndugu.

Ukiangalia vizuri hiyo hali ipo mpaka leo. Mtu mwenyewe atakuambia "nimeokoka", anasimulia kitu kilichomtokea. Wenzake wa feloshipu atawaita "mpendwa" au "wapendwa". Anayesema "mlokole" mara nyingi ni mtu aliyesimama pembeni anaangalia, ingawa siku hizi wapo wengi wanaojiita hivyo wenyewe tena kwa furaha, wamelichukua neno la kejeli wakalivaa na linawakaa vizuri.

Kwetu uamsho, yaani moto huohuo wa Gahini, uliingilia mpaka wa Kagera, miaka ya mwisho ya 1930, na Bukoba ukawakuta Walutheri. Kwahiyo mwanangu wewe unauliza kama Mlutheri anaweza kuwa mlokole, mimi nakuambia Walutheri ni kati ya walokole wa kwanza kabisa nchi hii. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Walutheri Duniani, 1977 mpaka 1984, alikuwa mtu wa uamsho huohuo.

Mimi nimekulia kule. Nikiwa msichana wa sekondari tulikuwa tunaenda feloshipu jioni kwenye kanisa la Kilutheri la kijijini, tumekaa wengine mabenchi wengine mikeka. Siku hiyo akasimama mzee wa kanisa, kofia ameishika mkononi, akamtaja mama mmoja mjane aliyekuwepo palepale, akasema, nilikununulia kahawa yako ikiwa bado maua mtini, ukiwa na mtoto mgonjwa, nikakupa hela ambayo haikufika hata nusu ya thamani yake. Kwa wasiojua, hiyo ndo inaitwa butura, unamuuzia mwenye hela zao ambalo bado halijaiva kwa sababu una shida leo, halafu msimu ukifika anakuja kuvuna yeye. Ilishapigwa marufuku sana lakini shida haijui marufuku. Yule mzee akatoa bahasha ya kaki akahesabu zile hela zilizobaki mbele ya watu wote, akaenda kumpa mama kwa mikono miwili, na yule mama akazipokea akawa hawezi kusema kitu, wakina mama wengine wakaanzisha Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda ambao walokole wa Afrika Mashariki yote wanaujua hata kama hawajui neno lingine lolote la Kiganda. Hakuna aliyemuuliza mzee amehamia kanisa gani. Jumapili yake alipitisha sahani ya sadaka kama kawaida.

Mimi nikisikia neno mlokole ndo naona ile bahasha. Kwahiyo naumia kidogo nikisikia limebaki kuwa neno la sketi ndefu na kutokunywa bia.

Lilihamaje kwenda kwa "makanisa ya kiroho"? Makanisa ya Kipentekoste yalikuwepo nchini siku nyingi tu lakini yalikuja kukua sana miaka ya 1980 na 1990, mikutano ya injili viwanjani, maspika, maombezi ya wagonjwa, kunena kwa lugha, mikesha. Nao wanahubiri kuokoka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, watu wakachukua neno lililokuwepo tayari wakawapa. Polepole ikawa mtu akisema "kanisa la walokole" anamaanisha TAG, EAGT, FPCT na mengine mengi ya namna hiyo, na yule bibi Mlutheri wa Bukoba mwenye miaka 50 ya feloshipu watu wanashangaa ukimuita mlokole. Matumizi yote mawili yapo, sitakudanganya kwamba moja ni kosa, lugha ni ya watu. Ila ukijua la kwanza hutapata shida ya kujiuliza kama umetoka kwenye kanisa lako bila kujua. Hujatoka. Wewe ni Mlutheri aliyeokoka, ukitaka jiite mlokole, usipotaka acha.

Na kuhusu bosi. Kukuita mlokole peke yake vumilia, au mwambie kwa adabu jina lako analijua. Ila akianza kukunyima safari za kazi au nafasi kwa sababu ya imani yako hiyo sio stori ya neno tena, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini. Andika tarehe na alichosema, tunza, na umwone kwanza mtu wa rasilimali watu ofisini kwenu kabla hujafika mbali. Hilo la wateja mwambie unakwenda nao vizuri tu na utakunywa soda, mimi sijaona mkataba uliovunjika kwa sababu ya soda.

SWALI: Mama mhariri, mwanangu amechaguliwa kidato cha tano. Kwenye fomu ya shule sehemu ya dini kaandika "Mlokole". Nikamwambia futa, akasema ndo imani yake na hawezi kuikana. Nani yuko sahihi? Baba wa Iringa.

JIBU: Baba, wote mna hoja lakini fomu inakuunga mkono wewe. Sehemu ya dini aandike Mkristo. Kama kuna sehemu ya dhehebu aandike jina la kanisa anakosali, Anglikana, Moravian, TAG, lolote lile. Shule inauliza hivyo ili ijue kijana aende kipindi gani cha dini na akiugua au kukiwa na jambo wamuite mchungaji wa wapi, sasa "mlokole" haiwasaidii, watabaki wanauliza wa kanisa gani.

Mwambie kijana kwamba kutokuandika sio kukana. Akifika shuleni atawakuta wenzake UKWATA na vikundi vingine vya wanafunzi, huko watamjua kwa maisha yake wiki ya kwanza tu. Na nakuomba baba usimfokee kwa hili, kijana wa kidato cha tano anayeogopa kuikana imani yake kwenye karatasi ni kijana wa kumshukuru Mungu.

Kwa faida ya wengine, kuna mtu aliwahi kuniambia serikali inajua idadi ya walokole kwa sababu ya sensa. Haijui. Sensa yetu mara ya mwisho kuuliza dini ilikuwa 1967, na toka hapo hakuna sensa iliyouliza kama mtu ni Mkristo au Mwislamu, sembuse kuokoka. Ukiona takwimu inatembea kwenye magrupu ya wasapu kwamba walokole sasa ni asilimia kadhaa usiisambaze.

SWALI: Sisi huku Nyeri hatusemi mlokole, tunasema mtu ameokoka, na kwa Kikuyu wazee wanaitwa ahonoki. Guka yangu, yaani babu, alikuwa mmoja wao na nasikia wakati wa Mau Mau aliteseka sana. Ni watu wale wale ama ni kitu kingine?

JIBU: Ni walewale kabisa mjukuu wa guka. Ahonoki kwa Kikuyu ni waliookoka, kila lugha imelitafsiri kivyake, sisi Watanzania ndo tumelichukua la Kiganda zimazima. Uamsho ulifika Kenya miaka hiyohiyo, 1937 kundi la wahubiri kutoka Rwanda na Uganda lilikuja Kabete na kutoka hapo ukasambaa Kikuyu nzima na kwingineko.

Kuhusu mateso ulichosikia ni kweli. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na ndugu wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wale waliopigana na mkoloni msituni, walisema damu ya Yesu imewatosha hawawezi kuapa kwa damu nyingine. Ila usisahau upande wa pili ambao watu huwa wanauruka, wengi wao walikataa vilevile kubeba bunduki za serikali ya mkoloni. Kwahiyo wakawa katikati, msituni wanaonekana wasaliti na kwa wazungu wanaonekana hawaeleweki, na wapo waliouawa kwa msimamo huo. Najua huko kwenu hii bado ni habari nzito ndani ya familia, kuna nyumba ambazo ndugu mmoja aliingia msituni na mwingine alikuwa muhonoki, na wote wawili waliamini wanafanya jambo la haki. Mimi siwezi kukaa hapa nikawahukumu wale wa msituni, walikuwa wananyang'anywa ardhi. Ila guka yako na wenzake nawavulia kofia, kukataa silaha za pande zote mbili wakati ule kulitaka moyo.

Na Uganda hivyohivyo. Askofu mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977 wakati wa Idi Amin alikuwa mtu wa uamsho tangu 1948. Askofu Festo Kivengere, ambaye aliwahi kuwa mwalimu hapa kwetu Dodoma, ilibidi akimbie nchi mwaka huohuo wa 1977. Kwahiyo mtu akikuambia walokole ni watu wa kupiga kelele tu mpe majina hayo.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki wa Songea, niko kwenye kikundi cha karismatiki, tunasali, tunaimba, tunaombea wagonjwa. Jumuiya yangu wameanza kunisema nimekuwa mlokole na mwenyekiti kaniuliza kama nimehama. Je Mkatoliki anaweza kuwa mlokole?

JIBU: Milele na milele, amina. Kama mlokole ni mtu wa Kipentekoste basi hapana, wewe ni Mkatoliki na karismatiki ni kundi linalotambulika ndani ya Kanisa lako, lilianza kwa Wakatoliki wenyewe, wanachuo na walimu wao wa chuo kikuu cha Duquesne huko Marekani mwaka 1967. Mwambie mwenyekiti hivyo kwa upole na uendelee kwenda jumuiya kila wiki, hiyo itamtuliza kuliko maelezo.

Kama mlokole ni mtu ambaye imani imemshika kwelikweli na anaishi hivyo, watu watakuita na hutaweza kuwazuia. Ila hapa kuna jambo la mafundisho ambalo sio la kupuuza. Mlokole wa Kipentekoste au wa feloshipu ya Bukoba anaweza kukutajia siku aliyookoka, saa, mpaka nguo aliyovaa. Mafundisho ya Kikatoliki yanauona wokovu unaanzia kwenye ubatizo na mtu anauishi safari nzima mpaka mwisho, kwahiyo Wakatoliki wengi ukiwauliza "umeokoka?" wanasita, na kusita kwao sio kwamba hawaamini, ni kwamba swali limekatwa kwa kipimo cha wengine. Walokole wanaosoma hapa naomba mlisikie hili, mnapomuuliza Mkatoliki swali hilo kwenye daladala halafu akisita mkamuhesabu amepotea, mnamkosea.

Na jina zuri la kujitambulisha ni mwanakarismatiki. Linaeleweka parokiani na halileti maswali.

SWALI: Asalaam aleikum mama. Mimi ni Mwislamu, naishi Tanga. Nimepata jirani mpya, mama mmoja mwema sana, kila asubuhi ananisalimia "Bwana Yesu asifiwe". Sijui nijibu nini, nikinyamaza naona kama nina kiburi. Halafu mimi huwa nawaita Wakristo wote walokole, mwanangu kaniambia nakosea. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Mwanao yuko sahihi. Walokole wote ni Wakristo lakini Wakristo wote sio walokole, na wengine ukiwaita hivyo watashangaa au watachukia. Ukitaka kumtaja mtu kwa ujumla sema Mkristo, na kama unajua kanisa lake sema Mkatoliki, Mwanglikana, Msabato. Wasabato hasa usiwachanganye humo, wana utaratibu wao na siku yao. Mlokole lisubiri mpaka umsikie mwenyewe akisema ameokoka, na hata hapo angalia kama analipenda, huyo jirani yako nadhani atafurahi tu.

Salamu yake ni ya kilokole hasa, wenyewe kwa wenyewe wanaitikia "amina". Wewe hulazimiki kuitikia hivyo na hakuna atakayekuona una kiburi ukijibu "nzuri jirani, umeamkaje, watoto hawajambo?" kabla hata hajavuta pumzi. Nyie Watanga kwa salamu hamshindwi. Na kama mmeshazoeana mwambie tu, jirani mimi Mwislamu hiyo siwezi kuitikia lakini nafurahi unavyonikumbuka kila asubuhi. Inawezekana alikuwa hajui, mpya huyo, na wengi wao wanasalimia hivyo kila mtu kwa mazoea ya kazini au kanisani. Nina hakika kesho yake utasikia "hujambo jirani" mlangoni, na yeye atakuwa amefarijika kwamba umemwambia wewe mwenyewe.